Mazoezi ya vipindi na pumzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila Jumamosi alfajiri kwenye kikundi chetu cha mbio hapa Dar es Salaam. Mengine huulizwa mtu akiwa ameinama, mikono magotini, bado anahema. Nimeanza na ya msingi na kumalizia na ya wenye hali maalumu. Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, soma kwanza swali la 15, kisha urudi hapa juu.

## Ya msingi

1. Mazoezi ya vipindi ni nini?

Ni kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea au kupanda ngazi kwa nguvu kwa muda uliopimwa, kisha kupunguza mwendo kwa muda uliopimwa, kisha kurudia. Dakika 4 za kasi, dakika 3 za polepole, mara nne: hapo umepata kikao kizima. Kabla hujaanza unajua utakimbia muda gani, utapumua muda gani na utarudia mara ngapi.

Wengi wakisikia "vipindi" hufikiria zile dakika za kasi peke yake. Waliobuni jina hilo walikuwa wakifikiria kitu kingine. Tazama swali la 3.

2. Mchakamchaka wa kila asubuhi haunitoshi?

Kwa afya ya kawaida unatosha, na usiuache. Mchakamchaka wa mwendo mmoja, ule wa kuimba na kuitikiana, unajenga msingi: mishipa midogo ya damu kwenye misuli inaongezeka, mwili unazoea kuchoma mafuta, kano zinakomaa. Lakini baada ya miezi mitatu au minne ya njia ileile kwa dakika zilezile, watu wengi hukwama. Mtu anayeweza kuimba moyo wake bado uko mbali na upeo, na moyo usiofikishwa karibu na upeo hauna sababu ya kukua zaidi.

Basi kwa nini tusikimbie tu kwa kasi kubwa bila kusimama? Kwa sababu kwa kasi inayoufikisha moyo karibu na kilele, mtu wa kawaida hukata pumzi baada ya dakika chache. Ukiikata kasi hiyohiyo vipande vinne na kupumua katikati, unakusanya dakika 16 za kazi nzito ambazo kwa mkupuo mmoja usingezipata. Faida ya vipindi inaanzia hapo.

3. Nani aliyaanzisha?

Wakimbiaji walikuwa wakipokezana kasi na mwendo mwepesi tangu zamani. Waliokuja kuupa mtindo huo vipimo ni Wajerumani wawili miaka ya 1930: kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwezi wa Julai 1939, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu hadi 1955.

Kanuni yao ilikuwa hivi: kimbia mpaka mapigo ya moyo yafike kama 180 kwa dakika, kisha punguza mwendo. Yakishuka hadi 120 ndani ya sekunde 90, uko tayari kurudia. Yasiposhuka, kasi ilikuwa kubwa mno au kazi ya siku hiyo imetosha. Jina la mazoezi lilitokana na ile nafasi ya katikati, yaani pumziko, kwa kuwa waliamini moyo hujengeka hapo. Leo wataalamu wanatilia mkazo zaidi dakika zinazotumika karibu na kilele, lakini mimi sijapata kipimo cha bure kinachoushinda huo wa sekunde 90, na ndio ninaowafundisha wote wanaoanza.

Miaka hiyohiyo kule Uswidi, Gösta Holmér alibuni fatleki, mtindo wa kubadilisha kasi katikati ya mbio; ni neno la Kiswidi lenye maana ya kuchezea kasi. Baadaye Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikuwa akirudia mita 400 mara 20 na zaidi, kila moja ikitenganishwa na mita 200 za polepole. Kwenye Olimpiki ya Helsinki ya 1952 alitwaa dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni.

## Kinachotokea mwilini

4. Moyo unabadilika vipi?

Ukiwa umekaa, moyo unasukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kijana asiyefanya mazoezi akikimbia kwa nguvu zake zote hufikia kama lita 20. Bingwa wa mbio ndefu anaweza kupita 35. Ajabu ni kwamba idadi ya juu ya mapigo yao haitofautiani sana, kwa kuwa mazoezi hayaiongezi. Umri ndio unaoipunguza. Tofauti iko kwenye kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo.

Piga hesabu. Moyo unaotoa mililita 70 kwa pigo unahitaji mapigo 71 kufikisha lita 5. Ukikua mpaka utoe mililita 90, mapigo 56 yanatosha. Ndiyo maana baada ya miezi kadhaa, mtu akijipima asubuhi kabla hajatoka kitandani, anakuta mapigo yamepungua.

Moyo unafikaje huko? Unapokimbia kwa nguvu, misuli ya miguu inakamua damu na kuirudisha moyoni kwa wingi. Chumba cha kushoto kinajaa na kuta zake zinavutika, kisha zinabana kwa nguvu kuitoa damu yote hiyo. Kikifanyiwa hivyo wiki baada ya wiki, chumba kinapanuka na kuta zinapata nguvu. Sehemu ya maji ya damu nayo huongezeka mapema, ndani ya wiki moja au mbili, na damu ikiwa nyingi moyo hujaa vizuri zaidi.

Watafiti wa Trondheim, Norwei, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo 2007. Wanaume 40 wenye afya waligawanywa makundi manne na kufanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 8, kazi ya jumla ikiwa sawa kwa wote. Waliokimbia vipindi vinne vya dakika 4 waliongeza kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa asilimia 7.2. Waliopokezana sekunde 15 za kasi na 15 za polepole waliongeza asilimia 5.5. Kwa makundi mawili yaliyokimbia mwendo mmoja, kiwango hicho hakikupanda kwa kiasi cha maana. Damu ya kila pigo kwa wale wa vipindi iliongezeka kwa karibu asilimia 10.

5. Na misuli?

Moyo ukileta oksijeni nyingi, lazima awepo wa kuipokea. Ndani ya misuli kuna mitokondria, vinu vidogo vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Vipindi vinaviongeza haraka, hata vile vifupi vya sekunde 30. Matokeo utayaona kwenye kilima ulichokizoea: kilichokuwa kikikuchoma mapaja, unakipanda ukiwa bado na nguvu miguuni.

6. Nitaona mabadiliko baada ya muda gani?

Wiki ya tatu au ya nne wengi huniambia ngazi za ofisini zimekuwa fupi. Mabadiliko ya moyo wenyewe yape wiki 8. Watu hawalingani, wawili wakifanya kazi ileile, mmoja anaweza kupanda maradufu ya mwenzake, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya kuzaliwa. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita.

## Kupanga kikao

7. Nianzie wapi?

Kama huwezi kukimbia dakika 20 mfululizo kwa mwendo wa maongezi, jenga hilo kwanza kwa mwezi mmoja. Ukishaweza, panda ngazi hii. Wiki mbili za kwanza, dakika 1 ya haraka na dakika 2 za kutembea, mara 6. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 2 za haraka na 2 za polepole, mara 5. Wiki ya tano na ya sita, 3 kwa 3, mara 4. Wiki ya saba ingia kwenye dakika 4 za kasi na 3 za polepole, mara 4.

Kila kikao kianze na dakika 10 za kupasha misuli moto na kimalizike na dakika 5 za kutembea. Kikao kamili cha vipindi vinne vya dakika 4 kinachukua dakika 40 jumla. Usiruke ngazi kwa sababu unajisikia vizuri: pumzi hupanda haraka kuliko kano na mifupa, na wanaoumia ugoko kwangu karibu wote ni waliotangulizwa na pumzi.

8. Nitajuaje kama kasi inatosha?

Kwa vipindi vya dakika 4, lengo ni asilimia 90 hadi 95 ya mapigo yako ya juu kabisa. Kuyakadiria kuna njia mbili: 220 toa umri, au 208 toa umri uliozidishwa kwa 0.7. Mwenye miaka 40 anapata 180 kwa zote mbili. Mwenye 60 anapata 160 kwa ya kwanza na 166 kwa ya pili, na kwa watu wazima hii ya pili iko karibu zaidi na ukweli. Zote ni makadirio, na mtu anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi.

Huna saa ya mapigo? Vidole viwili vinatosha. Kipindi kikiisha tu, weka kidole cha shahada na cha kati pembeni ya koromeo na uhesabu kwa sekunde 10. Mwenye miaka 40 anatakiwa apate 27 au 28. Usihesabu dakika nzima, kwa kuwa mapigo yanashuka ukiwa bado unahesabu.

Kipimo kingine ni mdomo. Ukipishana na mzee njiani unaweza kutoa "shikamoo" na basi. Sentensi ya pili haitoki. Dakika ya kwanza ya kila kipindi itakuwa nyepesi kuliko hivyo, kwa kuwa moyo unachukua dakika moja au mbili kupanda. Usiiharakishe. Anayeanza kwa kufyatuka hufika dakika ya tatu anatembea.

9. Pumziko liwe refu kiasi gani, na nisimame au nitembee?

Tembea au kimbia polepole sana. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni na unaweza kupata kizunguzungu. Isitoshe, mwendo mwepesi unasaidia kuondoa lakteti, ile inayojikusanya kwenye misuli inapofanya kazi nzito.

Kuhusu urefu, kwa vipindi vya dakika 3 au 4, dakika 2 hadi 3 zinafaa. Hapa ndipo ninapogombana na vijana. Wanaona kufupisha pumziko ni ushujaa, halafu kipindi cha tatu na cha nne kinakuwa mwendo wa kujikokota ambao moyo hauufaidi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipojiunga nasi, sekunde 90 baada ya kipindi bado alikuwa akihesabu 25 kwa sekunde 10, yaani mapigo 150. Tukamwongezea dakika nzima ya kutembea. Wiki ya saba, kwa kasi ileile, alisimama chini ya taa ya barabarani, vidole shingoni, akaniambia "ishirini". Alihesabu tena kwa kuwa hakujiamini, akapata 19.

10. Mara ngapi kwa wiki?

Mbili. Ukiwa na miezi sita na usingizi wa kutosha, tatu, na kati ya siku hizo iwepo siku moja au mbili nyepesi. Hata mabingwa wa mbio ndefu, takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mwendo mwepesi.

11. Tabata ni kitu hichohicho?

Ni ndugu yake, mkali zaidi. Mwaka 1996 Izumi Tabata wa Japani na wenzake walichapisha utafiti wa sekunde 20 za nguvu na 10 za pumziko, mara 7 au 8, kwenye baiskeli ya mazoezi. Mzigo ulikuwa asilimia 170 ya ule unaomfikisha mtu kwenye kilele cha oksijeni, na raundi ziliishia pale anaposhindwa kabisa. Baada ya wiki 6, kiwango chao cha juu cha oksijeni kilipanda kwa kama mililita 7 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kubadilisha mikao sekunde 20 kwa 10 mbele ya kioo huku unaongea ni mazoezi, ila usitarajie matokeo hayo. Kwa anayeanza sishauri. Ngazi ya swali la 7 inakufikisha salama.

12. Sina uwanja, na barabara yetu ina mashimo.

Nguzo za umeme zinatosha: haraka nguzo tatu, polepole nguzo mbili, kisha ongeza. Kilima ni bora zaidi, maana mapigo yanapanda kwa kasi ndogo na magoti yanapata mshtuko mdogo. Panda dakika 2, shuka ukitembea. Ngazi za ghorofa, kamba na baiskeli vyote vinafaa. Moyo haujui unakimbia wapi.

13. Wakimbiaji wa Iten wanafanyaje?

Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na fatleki ya Alhamisi asubuhi pale inajulikana duniani. Kundi kubwa linakusanyika kando ya barabara ya udongo mwekundu, mtu mmoja anatangaza mpango wa siku, labda dakika 1 ya kasi na 1 ya polepole mara 25, kisha saa zinalia pamoja na wote wanaondoka. Kwenye dakika za polepole waliobaki nyuma wanapata nafasi ya kuvuta pumzi, kisha wanaendelea. Mgeni anaruhusiwa kujiunga.

Ukitoka pwani ukaenda Iten, Mbulu au Mbeya, kasi yako ya kawaida itakushinda siku za mwanzo kwa sababu kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Fuata mapigo, achana na kasi ya nyumbani, na wiki ya kwanza fanya mepesi tu.

## Hali maalumu

14. Joto la pwani linabadilisha nini?

Mengi. Damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi, kwa hiyo kwa kasi ileile moyo unapiga zaidi. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Dar, Tanga na Mombasa ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halikupozi. Kimbia kabla jua halijachomoza, ongeza dakika moja kwenye kila pumziko, na ukubali kasi ndogo kwa mapigo yaleyale.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au kutetemeka kwenye joto, usimwache amalizie. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na muite msaada wa hospitali.

15. Nina presha, kisukari au ugonjwa wa moyo. Nifanye?

Mwone daktari kwanza, na umwambie wazi kwamba unataka mazoezi ya nguvu, maana "mazoezi" peke yake huenda akaelewa kutembea. Presha isiyodhibitiwa, maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa mazoezi, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana: yote hayo yanahitaji uchunguzi kabla ya kipindi cha kwanza.

Baada ya kuruhusiwa, vipindi vya wastani vinaweza kukufaa sana. Hata wagonjwa wa moyo wamefanyishwa vipindi kwenye tafiti, lakini chini ya usimamizi wa wataalamu. Usijaribu peke yako barabarani. Unayetumia atenololi, bisoprololi au propranololi, kanuni za mapigo za swali la 8 hazikuhusu kwa sababu dawa hizo zinashikilia mapigo chini. Tumia kipimo cha mdomo. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada, na awe na kitu kitamu mfukoni.

16. Nina pumu.

Wengi wenye pumu hufanya vizuri kwa vipindi kuliko kwa mbio ndefu zisizokatika. Refusha upashaji moto hadi dakika 15, beba dawa yako ya kuvuta, na siku ya vumbi au moshi wa taka hamia ndani.

17. Nimebeba vinasaba vya selimundu lakini siumwi.

Wengi kwenye maeneo ya malaria wako hivyo bila kujua. Kwa kawaida mnaishi na kucheza kama watu wengine. Hatari inakuja kwenye kasi kali ya kurudiarudia yenye mapumziko mafupi, hasa kwenye joto au ukiwa na upungufu wa maji. Tumia mapumziko marefu, kunywa maji, usishindane kwenye Tabata. Udhaifu wa ghafla wa miguu au maumivu makali ya misuli katikati ya kikao maana yake ni kusimama mara moja na kwenda hospitali. Wenye ugonjwa wenyewe waamuliwe na daktari wao.

18. Mwezi wa Ramadhani?

Hamishia vipindi usiku, dakika 90 hadi 120 baada ya kufuturu, au baada ya tarawehe. Kikao kimoja kwa wiki kinatosha kulinda ulichojenga. Kabla ya futari tembea tu.

19. Nina homa kidogo. Nikimbie nitoke jasho?

Hapana. Homa inaweza kuambatana na uvimbe wa misuli ya moyo, na kuulazimisha moyo wa namna hiyo kufika kilele kumewahi kuua watu wenye afya nzuri. Pima malaria, tibiwa, kisha ukae siku kadhaa bila homa. Urudi kwa mwendo mwepesi wiki nzima kabla ya vipindi.

20. Kichomi kinanibana kila kipindi cha pili.

Mara nyingi ni chakula au kinywaji kitamu cha karibu. Acha saa mbili hadi tatu baada ya mlo. Kikibana, punguza mwendo, toa pumzi ndefu na ubonyeze sehemu inayouma. Maumivu ya kifua yanayoelekea bega, taya au mkono si kichomi. Rudi swali la 15.

21. Siku nyingine mapigo hayashuki kabisa. Niendelee?

Usiendelee. Usingizi mbaya, joto, homa inayokuja au uchovu wa wiki nzima vyote huonekana hapo kabla hujavihisi. Tembea hadi nyumbani. Ikitokea vikao vitatu mfululizo, chukua wiki ya mwendo mwepesi. Ikiendelea hata baada ya hapo, au mapigo yakiwa yanaruka bila mpangilio, nenda ukapimwe moyo.

22. Nilisafiri msibani, nimekaa wiki tatu bila mazoezi. Nianze upya?

Huanzi upya. Kinachopungua kwanza ni ile sehemu ya maji ya damu, na ndiyo inayorudi haraka pia. Rudi ngazi mbili nyuma kwenye mpango wa swali la 7: kama ulikuwa kwenye dakika 4, anza na dakika 2 kwa 2. Kaa hapo wiki moja, kisha hesabu mapigo sekunde 90 baada ya kipindi cha mwisho. Yakiwa 20 au chini kwa sekunde 10, panda.